Ndege ya Kichina Niliyoiunda Riyadh

Nilikuwa dereva wa nyumbani Riyadh kwa miaka miwili na miezi kadhaa, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kupanda gari nililoliendesha aliyenizidi kwa ufundi. Nasema hivi kwa kujigamba, na sioni kwa nini nisijigambe. Nina diploma ya ufundi wa ndege kutoka chuo kilicho karibu na uwanja mdogo wa ndege jijini Nairobi. Karo niliilipa mwenyewe kwa kuchomelea mageti na madirisha ya watu, mchana darasani, jioni na wikendi kwenye cheche za moto. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Katika ukoo wetu wote, kule Bungoma, mimi ndiye wa kwanza kugusa ndege kwa kazi.

Miaka ile mawakala wa ajira walikuwa wamejaa mjini kama wauza simu. Wangu aliniambia naenda kuwa fundi. Viza ilikuwa kwa Kiarabu. Msudani mmoja aliyesimama nyuma yangu kwenye foleni ya uhamiaji Riyadh ndiye aliyenisomea: dereva wa nyumbani. Ikama, kile kibali cha kuishi na kufanya kazi kule, ikatoka hivyo hivyo. Kule ukiwa na ikama ya dereva wa nyumbani huwezi kuajiriwa kwenye karakana hata wakikuhitaji, mpaka kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, atie sahihi na muhuri kwenye karatasi wanayoiita tanazuli, ya kukuachilia uhamie kwa kafili mwingine. Asipotia, unabaki wake.

Karatasi hiyo nilikuja kuihitaji vibaya sana. Katika safari moja ya kumpeleka bosi Jeddah, nilipenya nikafanya mtihani kwenye karakana iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya uwanja wa ndege. Walinipa injini iliyofumuliwa wakaniambia niiunge. Niliiunga kabla chai yao haijapoa. Wakanikubali, kwa sharti moja: tanazuli iwe mezani kwao Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kabla ya kufunga ofisi saa mbili usiku. Ikikosekana, nafasi ilikuwa ya Mfilipino aliyenifuata.

Bosi wangu, ambaye sote tulimwita baba, alikuwa muuza marumaru na vigae. Mali yake ilitoka China, mkoa wa Fujian, na mwaka ule alikuwa akifungua ukumbi mpya wa maonyesho Jeddah. Wageni wake wakubwa watatu walikuwa wanakuja kutoka huko kumpa uwakala wa mji mzima. Alitaka kitu cha kutundika darini ambacho hakuna mshindani wake angekuwa nacho. Mgeni mmoja alikuwa amemtajia kwenye simu kwamba ndege za mwanzo kabisa kuundwa kwa mpango nchini China ziliundwa mkoani kwao, kwenye kiwanda cha meli karibu na mdomo wa mto. Baba alinieleza hilo tukiwa kwenye taa nyekundu, kama mtu anayejisemea. Nikamwambia, bila kugeuza shingo, kwamba naweza kumuundia ndege hiyo, ndogo, kwa mbao na hariri, yenye mabawa ya urefu wa mita mbili.

Alicheka. Kisha akaniuliza nataka nini. Nikamwambia tanazuli.

Alifikiri hadi taa ikageuka kijani. Akasema, kwa Kiarabu chake cha kuongea na madereva, kwamba wageni wakipiga makofi, atatia sahihi.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za ndege za Wachina. Nilizisoma kwenye simu, nimekaa ndani ya gari nje ya duka la manukato nikimsubiri madam, mke wa bosi, na kwa mara ya kwanza sikuchoka kumsubiri. Vishada nilivijua, kila mtu anajua Wachina walivirusha zamani mno. Nilichokuwa sikijui ni habari za yule Mchina aliyekwenda Marekani akiwa kijana mdogo, akafanya kazi za sulubu, akajifundisha mitambo mwenyewe, akaunda ndege na wenzake katika kibanda cha kupanga, ikaruka. Akairudisha nyumbani kwao ili watu wake waione, na akafa nayo ikianguka mbele ya umati. Nilisoma ukurasa huo mara nne. Huyo naye hakuwa na mjomba wa kumshika mkono.

Halafu kulikuwa na wale wa Fujian. Vijana waliopelekwa Uingereza kusomea meli, wakavuka kwenda Marekani kusomea ndege, wakarudi. Serikali haikuwa na kiwanda cha ndege cha kuwapa. Iliwapa banda ndani ya kiwanda cha meli. Injini waliagiza nje, lakini mengine yote yalitoka pale pale: mbao za miti ya kwao, kitambaa, mafundi wa mashua. Wakaunda ndege ya majini, mabawa mawili moja juu ya lingine, na chini yake maboya mawili ya mbao ya kuelea mtoni. Ya kwanza haikudumu. Wakaunda nyingine. Watu wa aina yangu kabisa.

Nilifanya kazi kwenye ghala la baba nje kidogo ya Riyadh, Ijumaa na kila saa niliyoachiwa. Mbao nilipasua mwenyewe. Hariri niliipata soko la Batha, kwa Mbengali aliyeniapia ni ya harusi. Ndani ya ghala lile lile alikuwepo mzee wa Kichina, seremala, aliyetumwa na wageni kutengeneza kaunta na kuta za ukumbi. Kiingereza hakujua. Kiarabu chake kilikuwa kile cha maneno kumi ambacho wafanyakazi wote hukitumia kule, na mimi nilikuwa sadiki, yaani rafiki, kama ambavyo kila mtu ni sadiki. Mengine aliyasema kwenye simu yake, ikatafsiri kwa Kiingereza cha kuvunjikavunjika. Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alizaliwa karibu na mto ule ule, na babu yake alikuwa fundi wa mashua.

Maboya ndiyo yaliyonipa sifa. Niliyafunika kwa vipande vyembamba vya mbao, upana wa kidole, kimoja kando ya kingine, vikifuata mviringo. Nilivibana hadi wembe haukupita katikati. Nimeona kazi za watu wengi tangu wakati huo na bado nasema sijaona mbao zilizobanwa vile. Madereva wenzangu walikuja kuzipapasa.

Mzee naye alikuja. Hakupapasa. Alichana kipande cha kadi kutoka kwenye pakiti yake ya majani ya chai, akajaribu kukipenyeza kati ya mbao mbili, kikagoma. Akatikisa kichwa.

"Sadiki, hada mafi kwais." Hii si nzuri.

Akaonyesha kadi, akaonyesha mbao, akatenganisha vidole viwili kidogo sana. Alitaka niache mwanya wa unene wa kadi kati ya kila kipande. Mwanya, kwenye kazi yangu. Nilichukua simu yake nikaisogeza mdomoni. "Mwambie nina diploma ya ndege," nikasema kwa Kiingereza. Simu ikamwambia kwa Kichina. Alisoma maandishi kwenye kioo kwa muda, akainamisha kichwa kwa heshima, akakitumbukiza kile kipande cha kadi ndani ya kisanduku changu cha vifaa, akarudi kwenye kaunta zake. Wiki ile ile alitangulia Jeddah.

Riyadh ni kukavu kiasi kwamba midomo inapasuka na ngozi ya viti vya gari inalia. Nilikuwa nimeizoea hewa ile hata nikasahau kwamba ni hewa.

Jumanne ya wiki ya mwisho nilipakia sanduku lenye ndege garini nikaondoka baada ya sala ya alfajiri. Baba angekuja kwa ndege Alhamisi asubuhi. Ni mwendo wa kutwa nzima, jangwa tupu, na kila tuta lilinipiga moyoni kwa sababu ya mzigo ule nyuma. Baada ya Taif, nikiteremka ile milima kwa kona zake, kioo cha mbele kikaanza kufunga ukungu. Niliwasha vifuta maji. Ukungu ulikuwa upande wa nje. Nilichepukia njia ya wasio Waislamu inayozunguka Makka, kama ada, na nilipofika Jeddah, kando ya bahari, shati lilikuwa limenigandia mgongoni. Nikaliacha sanduku kwenye gereji ya nyumba ya baba, nikalala usingizi wa mtu mwenye uhakika.

Jumatano asubuhi nililifungua ili nifute vumbi.

Mabawa yalikuwa salama. Hariri ilikuwa imelegea kidogo, lakini hilo kiyoyozi cha ukumbini kingelinyoosha. Kisha nikainama chini. Mbao za maboya zilikuwa zimevimba. Kwa kuwa sikuziachia pahali pa kwenda, zilikuwa zimesukumana hadi zikainuka kama magamba ya samaki anayeparuliwa. Gundi imeachia. Boya moja lilikuwa limepasuka kutoka pua hadi mkiani.

Sikumbuki nilikaa pale chini muda gani. Nakumbuka nilihesabu saa zilizobaki hadi Alhamisi alasiri, nikazipata, nikazihesabu tena.

Nyumba ile ilikuwa na mfanyakazi mmoja, dada kutoka Lamu, ambaye alikuwa Jeddah mwaka wa nne. Alikuja gerejini kutupa taka akanikuta. Alisimama akatazama.

"Injinia," akasema, kwani ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, na si kwa heshima, "ndege yako imeota manyoya."

Nikamwambia aniache. Nilikuwa nimeshaamua: nitabana zile mbao kwa vibanio, nimwage gundi, nipake rangi nzito ya fedha, itundikwe juu, nani atapanda ngazi kuangalia? Nilimweleza mpango huo kwa sauti ya mtu anayetaka kuungwa mkono.

"Na wakiitundika, ikaja ikabanduka, kipande kikamwangukia mgeni utosini?" Akaokota kipande kimoja kilichodondoka, akakipinda. "Kakangu, mbona huku hukutia kalafati? Kwetu hata mtoto ajua mbao za kukaa majini huachiwa mwanya, ukajazwa. Hamfunzwi hayo huko mlikosomea?"

"Hii haitakaa majini."

"Basi hewa hii yote si maji?" akasema, akarudi jikoni, maana simu ya madam kutoka Riyadh ilikuwa ikilia.

Naandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nimefundisha vijana wengi tangu hapo na huwa nawaambia wazi. Siku ile nilikuwa na njia mbili, rangi ya fedha au yule mzee, na ya pili ilinitia uchungu zaidi. Nilikitafuta kile kipande cha kadi kwenye kisanduku cha vifaa. Kilikuwa chini kabisa, chini ya misumeno. Nikakitia mfukoni, nikapakia maboya, nikaenda ukumbini.

Mzee alikuwa amepiga magoti akipigilia ubao wa ukuta. Nilimwekea boya lililopasuka mbele yake, na juu yake nikaweka kadi. Sikutafuta simu. Mimi si mtu wa kuomba radhi mara mbili, lakini mara moja ninaweza. Nikasema, "Sadiki, ana mafi kwais." Mimi ndiye si mzuri.

Aliligeuza boya, akalichungulia kutoka pua hadi mkiani. Sikuona dalili ya furaha usoni mwake, na hilo nalikumbuka kuliko yote. Akaangalia saa ya ukutani. Kisha akaniandikia kitu kwenye simu: alihitaji chokaa nyeupe, laini, na nyuzi za kamba ya katani.

"Yalla," akasema, yaani haya, tuanze.

Chokaa niliipata mtaa wa Ghulail, dukani kwa mzee wa Kihausa aliyeuza kila kitu kuanzia sukari hadi bawaba. Kamba mwenye duka huyo aliikata kwenye mzigo wake mwenyewe. Niliporudi, seremala alikuwa ameshabandua mbao zote za boya la kwanza na kuzipanga sakafuni kwa mpangilio wake, hakuna hata moja iliyochanganyika. Aliniachia la pili. Tulizipiga randa kingo zake, kipande kimoja kimoja, tukazirudisha kwa kupima na kile kipande cha kadi: ubao, kadi, ubao, kadi. Kisha akafungua kopo lake la mafuta, mafuta mazito ya mbegu za mti wa kwao, yenye harufu kama ya njugu zilizoungua. Akayakanda na chokaa na nyuzi hadi yakawa kama ugali mgumu, tukaujaza kila mwanya kwa kisu.

Jumatano iliisha tukiwa katikati ya boya lake. Langu sikuwa nimefika robo. Alhamisi nilianza alfajiri kwa pupa, na mara mbili mzee alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, nikapunguza kasi.

Baba alitoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi ukumbini, kabla ya adhuhuri. Tulikuwa tumemaliza dakika chache tu zilizopita, ndege iko juu, imetundikwa kwa nyaya. Aliizunguka. Aliinama, akainuka, akaizunguka tena. Nilimwona akipenda. Hapo nikatoa karatasi ya tanazuli.

Aliniangalia kama mtu aliyekumbushwa jambo la zamani. Alisema si leo. Kisha akasema, taratibu, kwamba amefikiri, kwamba mtu mwenye mikono hii si wa kumpa mwingine. Atanifungulia karakana yangu ndogo Riyadh, nitamtengenezea vitu vya kumbi zake zote. Ikama itabaki ile ile ya dereva, na kuendesha nitaendelea.

"Jeddah mafi," akasema. "Halas." Jeddah hakuna, basi imekwisha. Akaenda kubadilisha nguo.

Nilisimama chini ya ndege yangu nikiwa na karatasi mkononi. Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu yangu. Ningeitengeneza vibaya angeniachilia siku hiyo hiyo.

Wageni walikuja baada ya sala ya alasiri, watatu, na mkalimani. Kulikuwa na wafanyabiashara wa Jeddah, kahawa, tende, moshi wa udi. Taa ziliwashwa na watu wakapiga makofi. Baba aliniita kwa kidole, akaniweka kando yake, akawaambia kwamba huyu ni dereva wake, ana diploma, ameiunda yote kwa mikono yake peke yake.

Mgeni mkubwa kuliko wote, mzee mwenye fimbo, hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesogea chini ya boya, ameinua pua. Alinusa. Akaomba kiti, akasaidiwa kupanda, watu wakiogopa ataanguka, akagusa mwanya mmoja kwa kucha. Akauliza kitu. Mkalimani akaniangalia mimi.

"Anauliza nani ameziba hapa."

Nilihisi baba akigeuka kuniangalia. Alikuwa amekwisha kusema, mbele ya watu wote, na jibu lilikuwa limewekwa tayari mdomoni mwangu. Ningelisema tu. Lakini mzee seremala alikuwa amesimama kando ya mlango na ufagio, bado ana chokaa kwenye nyusi.

"Mabawa ni yangu," nikasema, "na hakuna kosa ndani yake. Maboya niliyakosea. Aliyeyaokoa ni huyu."

Mkalimani akatafsiri. Sikumtazama baba. Mgeni aliteremka kitini, akatembea hadi mlangoni, akazungumza na seremala kwa lugha ambayo hata mkalimani aliitegea sikio. Nilikuja kuambiwa kwamba ni ya kwao huko mtoni. Aliporudi alikuwa anacheka. Alisema harufu ile hajaisikia tangu akiwa kijana. Kisha akamuuliza baba, kwa uchangamfu wa mgeni aliyefurahi, zawadi gani atampa dereva mkweli namna hii.

Na baba, mbele ya wafanyabiashara wote wa Jeddah, akafungua mikono akasema: "Aombe anachotaka."

Yalikuwa maneno ya heshima tu. Kila mtu pale alijua ni maneno ya heshima, na kwamba mimi nilipaswa kuinamisha kichwa na kushukuru. Nilitoa karatasi mfukoni, nikaifungua mikunjo yake minne, nikaiweka juu ya kaunta, na kalamu juu yake.

Mgeni alimuuliza mkalimani ni karatasi gani ile, na mkalimani, Mungu ambariki, akamweleza yote kwa sauti ya kawaida. Baba aliendelea kutabasamu. Lilikuwa tabasamu la meno tu. Alitoa kalamu yake mwenyewe, hakugusa yangu. Akatia sahihi. Akatoa muhuri mfukoni, ule alioubeba kila mahali, akaugonga kwa nguvu hadi vikombe vya kahawa vikalia.

Halafu akanyoosha kiganja chake, wazi. Nikaelewa. Nikaweka funguo za gari ndani yake. Hakunisemesha tena, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Nilirudi nyumbani kwake kwa miguu kuchukua begi. Dada wa Lamu alinifungulia mlango wa nyuma, akaniona nimeishika karatasi kwa ncha za vidole, mbali na mwili. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi kwenye viganja na wino wa muhuri ulikuwa bado haujakauka.

"Umepata?"

"Nimepata."

Hakunipongeza. Aliingia jikoni akarudi na mfuko wa plastiki wa kuwekea mkate, akaukung'uta makombo, akaushikilia wazi. "Tia humu," akasema. "Wewe na hewa ya hapa hamjaelewana bado."

Niliitia. Nikaishika hivyo hadi mtaa wa Kandara, nikapanda basi, na dirishani mwa karakana ile wakaipokea ikiwa imebaki dakika ishirini wafunge. Leo nina karakana yangu mwenyewe, yenye jina langu getini, na vijana tisa chini yangu. Kwenye kisanduku changu cha vifaa, tabaka la juu kabisa, kuna kipande cha kadi ya majani ya chai. Kijana yeyote akiniletea kazi iliyobanwa hadi wembe haupiti, humpa kadi hiyo ashike.